Gari la michezo kwa akiba ndogo: kwa nini Altezza isiyo na nguvu nyingi ndiyo inayofaa Lubumbashi

LUBUMBASHI – Kijana mwenye akiba ya dola elfu chache, aliyoikusanya kwa miaka miwili au mitatu, anaweza kununua gari dogo la kawaida la kumpeleka kazini na kumrudisha. Akithubutu, anaweza pia kununua gari la michezo lililotumika: lenye gia za mkono, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye sauti yake na sura yake. Gari ambalo mwenyewe hugeuka kulitazama mara nyingine baada ya kufunga mlango.

Hatari ya chaguo hili la pili inajulikana. Corolla ikiharibika, fundi yeyote wa mtaani anaifungua, na kipuri kinapatikana siku ileile. Gari la michezo likiharibika, linaweza kukaa chini ya turubai miezi sita likisubiri kitu kimoja kutoka Japani. Akiba yote ya mtu inalala pale uani, na yeye anarudi kupanda teksi.

Je, inawezekana kupata gari lenye roho bila kujitia katika shida hiyo? Inawezekana, lakini kwa sharti moja: usichague kwa kuangalia nguvu ya injini. Chagua gari ambalo fundi wako anaweza kulitengeneza wiki hii, kwa vipuri vilivyopo hapa. Mfano unaoonyesha jambo hili vizuri ni Toyota Altezza, kwa sababu gari hilo moja lina injini mbili, na injini hizo zinampeleka mnunuzi katika maisha mawili tofauti.

Gari moja, injini mbili

Toyota ilizindua Altezza mwezi wa 10 mwaka 1998, chini ya mhandisi Nobuaki Katayama, na gari hilo likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka nchini Japani kwa msimu wa 1998-1999. Lilitengenezwa hadi 2005. Ni gari la milango minne, lenye nafasi ya kubeba watoto na mizigo ya soko, lakini limejengwa kama gari la michezo: injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na gia sita za mkono kwa anayezitaka. Kipima mwendo chake kina saa ndogo ndani yake, mfano wa saa ya mkononi ya bei kubwa. Taa zake za nyuma zenye kioo cheupe zilipendwa kiasi kwamba taa za namna hiyo, hata kwenye magari mengine, zinaitwa taa za Altezza duniani kote.

Injini ya kwanza iko katika toleo la RS200. Ni silinda nne za lita 2.0, injini ya 3S-GE, yenye nguvu farasi 210 katika gari la gia za mkono, na nguvu hiyo inafikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Ndiyo inayosifiwa na vijana wote. Injini ya pili iko katika AS200. Ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.0 pia, injini ya 1G-FE, yenye nguvu farasi 160 tu.

Ukisoma namba hizo kwenye karatasi, utachagua RS200 bila kufikiri. Lakini subiri kidogo.

Injini ya RS200 inabana hewa na mafuta kwa nguvu sana, mara 11.5 katika gari la gia za mkono, na Toyota iliitengeneza kwa ajili ya esansi ya oktani ya juu. Ukiipa esansi dhaifu, inaanza kugonga, na kugonga huko kunaila injini polepole. Katika gari la gia za mkono, vali zake za kuingiza hewa ni za titani. Vipuri vyake vingi havifanani na vya magari mengine yanayozunguka hapa kwetu. Kitu kikivunjika ndani yake, unaagiza Japani.

Injini ya AS200 ni hadithi nyingine. Hiyo 1G-FE ilifungwa pia katika Mark II, Chaser, Cresta na Crown, magari ambayo mafundi wa Afrika Mashariki na Kati wameyafungua na kuyafunga kwa miaka mingi. Haina turbo. Haikazwi hadi mwisho wa uwezo wake, kwa hiyo haichoki mapema. Na silinda sita za mstari mmoja zinazunguka kwa ulaini ambao silinda nne haziwezi kuupata. Sauti yake ni nzuri hata ukienda mwendo wa kilomita 40 mjini.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake katika kimo hicho. Zile nguvu farasi 210 za Japani hazifiki hapa zote. Unalipia nguvu ambayo hutaipata kamwe, na ambayo barabara zetu za mtaani hazikuruhusu kuitumia.

Kwa mtu mwenye akiba ndogo, basi, AS200 yenye gia za mkono iliyotunzwa vizuri ni chaguo bora kuliko RS200 iliyochoka, ingawa ya pili inauzwa kwa maneno matamu zaidi.

Usidanganywe na maandishi

Kwa kuwa RS200 ina jina, watu hununua vibandiko vyake na kuvigandisha kwenye AS200 ili waiuze ghali. Dawa yake ni rahisi: soma namba ya chasisi. RS200 inaanza na SXE10. AS200 inaanza na GXE10. Namba hiyo imegongwa kwenye chuma, tena iko kwenye kibao kidogo ndani ya boneti. Lazima ifanane na ile iliyo kwenye karti rozi na kwenye karatasi za forodha. Ikiwa hata tarakimu moja inatofautiana, rudi nyumbani na pesa zako.

Kwa wanaotaka usukani wa kushoto, lipo jibu. Altezza iliuzwa Ulaya kwa jina la Lexus IS200, kuanzia 1999, ikiwa na injini hiyohiyo ya 1G-FE. Magari yaliyotumika kutoka Ubelgiji yanafika nchini kupitia Matadi, na miongoni mwa hayo IS200 hutokea. Ikifika Kinshasa, kuileta hadi Katanga ni gharama kubwa, lakini kwa msomaji wa Kinshasa au Kongo ya Kati ndiyo njia ya karibu.

Jambo la usukani si la mapambo. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, ilhali magari yanayopitia Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa yana usukani wa kuume. Kwenye barabara kati ya Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, malori ya madini ni mengi. Dereva mwenye usukani wa kuume akitaka kulipita lori, yeye amekaa upande wa ukingo wa barabara, haoni kinachokuja mbele hadi gari lake limekwisha kutoka nusu nzima. Mwenye gari lenye kasi anashawishika kuthubutu. Ukinunua gari la namna hii, weka kanuni yako mapema: huliachi lori hadi umebaki nyuma sana na kuona barabara yote, au hupiti kabisa.

Magari mengine yenye roho

Altezza si peke yake. Mazda Roadster, inayoitwa MX-5 katika nchi nyingine, ilionyeshwa Chicago mwaka 1989, na mwaka 2000 kitabu cha rekodi cha Guinness kikaitambua kuwa gari la michezo la viti viwili lililouzwa zaidi duniani. Mwaka 2016 lilitengenezwa la milioni moja. Ni jepesi na halina mambo mengi, na injini yake ya kwanza ya lita 1.6 ina undugu na ile ya Mazda Familia. Lakini ni la watu wawili tu, paa lake ni la kitambaa, na tumbo lake liko chini. Kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 4, mvua inapochimba mitaa ya udongo, litakuwa linalala nyumbani. Kwa mtu mwenye gari moja tu, ni vigumu.

Subaru Impreza WRX ina historia kubwa zaidi. Ilimpa Colin McRae ubingwa wa dunia wa mbio za rali mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003, na ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na 2000. Magurudumu yote manne yanasukuma, na turbo yake haisumbuliwi sana na kimo cha mji wetu. Lakini turbo ndiyo mtego wenyewe. Gari la turbo la bei nafuu mara nyingi ni nafuu kwa sababu mwenyewe amekwisha kulitumia hadi mwisho: amebadili kompyuta yake ili ipate nguvu zaidi, amechelewa kubadili mafuta ya injini, na sasa anampisha mwingine alipie matengenezo. Kama huna pesa ya kufungua injini nzima, iache.

Toyota Celica ya mwaka 1999 na kuendelea inavutia macho, na injini yake ya kawaida ya lita 1.8, yaani 1ZZ-FE, imo pia katika Premio, Allion na RAV4. Vipuri vipo. Tatizo ni kwamba injini hizo za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula mafuta ya injini. Tazama moshi wake kwa makini.

Nayo Mark X, iliyotoka mwaka 2004, ina V6 ya lita 2.5 na nguvu farasi 215. Ni tulivu mjini na kali barabarani. Lakini esansi inaingizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na mfumo huo hauvumilii esansi chafu. Mwenye Mark X anayejaza esansi ya chupa kando ya njia anajitafutia gharama.

Soma karatasi ya mnada

Magari haya yanauzwa nafuu Japani kwa sababu ambazo hazihusu ubovu wake. Gari la binafsi linapimwa na serikali likifika miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na upimaji huo ni ghali. Tena gari la esansi likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka inapanda. Wajapani wengi wanaona ni afadhali kuuza. Kwa hiyo gari la zamani kutoka kule linaweza kuwa limetunzwa vizuri sana.

Ushahidi wake ni karatasi ya mnada. Kila gari linalopita kwenye mnada linakaguliwa na kupewa alama. Alama 4 au 4.5 ni gari zuri. 3.5 ni gari lenye alama za umri, na kwa bajeti ndogo linafaa. Herufi R au RA maana yake limepata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari utaona herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyoshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa.

Herufi ya kuogopa zaidi ni S chini ya gari. Sehemu za Japani zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani, na chumvi hiyo inakula chuma kutoka chini. Rangi ya juu inaweza kung'aa huku sakafu ikiwa imetoboka.

Karatasi hii inaweza kughushiwa, hasa kwenye kilomita. Usiridhike na picha uliyotumiwa kwa WhatsApp. Zipo huduma za kuitafuta karatasi ya asili kwa kutumia namba ya chasisi, na malipo yake ni madogo sana ukilinganisha na hasara ya kununua gari lililorudishwa nyuma kilomita 100,000.

Saa moja na fundi

Kama gari liko tayari hapa mjini, usilipe kabla hujakaa nalo saa moja pamoja na fundi wako. Fundi wako, si wa muuzaji. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti: ikiwa ya moto, kuna jambo anataka kulificha.

Washa injini ikiwa baridi. Moshi wa bluu unaonyesha kwamba inachoma mafuta ya injini. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata joto unaonyesha maji yanaingia ndani. Fungua kifuniko cha mafuta: ukikuta utando kama maziwa, maji na mafuta yamekutana, na hapo mazungumzo yameisha.

Geuza ufunguo bila kuwasha. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime injini ikishaanza. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameitoa ili usijue gari linalalamika.

Endesha gari kwa gia ya nne, mwendo mdogo, kisha kanyaga kwa nguvu. Injini ikipiga kelele lakini mwendo usiongezeke, ambreyaji imekwisha. Ingiza gia ya pili na ya tatu haraka: zikikwaruza, kisanduku cha gia kimechoka.

Kata kona kali sana kwa mwendo wa polepole, kama unageuza gari uani. Tairi la nyuma la ndani likiburuzwa na kupiga kelele, huenda difrensheli imechomelewa. Hilo ni gari lililotumika kwa michezo ya kuteleza, na mwili wake wote umepata mateso.

Kwenye Altezza, inua mbele na kutikisa tairi. Viungo vya chini vya mbele, vile mafundi wetu wanavyoviita rotili, vinajulikana kuwa udhaifu wa gari hili. Kimoja kikikatika barabarani, gurudumu linalala. Mashimo yetu yanavimaliza haraka zaidi. Kuvibadili si ghali. Kutovibadili kunaweza kugharimu maisha.

Mwisho, uliza lini ulibadilishwa mkanda unaoendesha vali. Injini zote mbili za Altezza zina mkanda huo, na muda wake ni kilomita 100,000. Kama muuzaji hana karatasi ya garaji inayoonyesha tarehe, chukulia kwamba haujabadilishwa, na uuweke kwenye hesabu yako.

Gawanya pesa kabla ya kununua

Kosa linaloua magari mengi ya namna hii hutokea siku ya kununua, pale mtu anapomaliza pesa zote kwenye bei. Tuseme una dola 7,000. Huu ni mfano wa hesabu, si bei ya soko. Dola 4,500 ndiyo mwisho wa kununua, na ndani yake ziwemo forodha, usafiri na karatasi zote. Dola 1,500 ni za kazi ya kwanza: mkanda, mafuta yote, freni, rotili, tairi. Dola 1,000 zibaki hazijaguswa mwaka mzima wa kwanza, kwa sababu gari la miaka 20 litakuomba kitu ambacho hukukitarajia.

Kama unaagiza nje, anza na ofisi ya DGDA kabla ya kumtumia muuzaji hata dola moja. Ulizia umri wa gari unaoruhusiwa kwa sasa, hali ya usukani wa kuume, na kodi za mfano huo. Altezza changa kuliko zote ni ya 2005, kwa hiyo swali la umri si dogo. Jibu lolote utakalopewa, omba liandikwe. Ukinunua hapahapa, hakikisha karatasi za forodha zipo, karti rozi ipo, na akti ya mauzo inaandikwa mbele ya mamlaka. Gari lisilolipiwa forodha linabaki na deni, na deni hilo litamfuata mwenye gari wa sasa.

Usingoje pia miaka mingi ukidhani bei itashuka. Marekani inaruhusu kuingiza gari la kigeni likitimiza miaka 25 hata kama halikutengenezwa kwa sheria zao, na Altezza za 1998 zilifika umri huo mwaka 2023. Nissan Skyline na Toyota Supra zilipopita njia hiyo, ziliondoka katika uwezo wa watu wa kawaida. RS200 ndiyo inayotafutwa na wakusanyaji hao. AS200 wanaiacha, na hilo ni jambo jema kwa mnunuzi wa hapa.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta picha za magari kwenye simu, mtafute fundi. Muulize ni injini gani kati ya hizi amekwisha kuifungua kwa mikono yake, na vipuri vyake alivitoa wapi. Akisema 1G-FE, na akikuonyesha moja iliyopo garajini kwake sasa hivi, umepata nusu ya gari. Akisema hajaiona lakini atajaribu, tafuta fundi mwingine au gari jingine, na akiba yako ibaki salama mahali ulipoiweka.